Siti ya Vespa Isinywe Maji Msimu wa Masika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Masika Unguja huanza Machi na kwenda mpaka Mei, na Aprili ndiyo mvua yenyewe. Vuli nayo hurudi kuanzia Oktoba. Katika miezi hiyo wenye vespa huulizana mambo yale yale: siti imelowa, nguo imeharibika, hela ya siti mpya hakuna. Majibu haya yameandikwa kwa mtu anayeegesha chombo chake nje na anayehesabu shilingi kabla ya kuitoa. Mwenye skuta ya kisasa au pikipiki ya bodaboda naye yatamfaa, kwa kuwa siti zote hizi zimetengenezwa kwa leza (ngozi ya bandia ya plastiki) juu na sponji ndani.

Mvua imekatika tangu jana, siti nimeifuta, bado nikikaa natoka na suruali mbichi. Kwa nini?

Kwa sababu ulichofuta ni leza, na maji yako ndani ya sponji. Leza yenyewe haipitishi maji. Yanapopita ni kwenye mishono. Cherehani ikishona kwa hatua ya milimita 4, kila sentimita 10 za mshono zina tundu 25. Mshono unaozunguka siti ya watu wawili unaweza kufika mita moja na nusu, yaani tundu karibu 375, na hapo hatujagusa mistari ya mapambo iliyoshonwa katikati.

Sasa chukua siti yenye urefu wa sentimita 70 na upana wa 30. Mvua ya milimita 10, ambayo kwa Aprili yetu ni mvua ya kawaida tu, inamwaga juu ya siti hiyo lita 2 za maji. Mengi yanateremka pembeni. Yanayobaki kwenye mabonde ya mshono yanaingia kidogo kidogo, na sponji inayapokea yote. Juu kunakauka kwa jua la nusu saa, chini kunabaki vile vile. Ukikaa, uzito wako unaikamua sponji na maji yanarudi juu kwa tundu zile zile yalizoingilia.

Ndiyo maana ushauri wote ulio hapa chini una lengo moja, nalo ni kuzuia maji yasifike kwenye sponji. Leza iliyolowa juu inamalizwa na kitambaa. Sponji iliyokunywa maji ni kazi ya siku kadhaa.

Sina hela kabisa wiki hii. Nianzie wapi?

Anza na fulana kuukuu ya pamba, ikae kwenye kisanduku cha mbele au chini ya siti ndani ya kopo lenye kifuniko ili isilowe. Mvua ikikatika, usiifute siti kwa kuburuza kitambaa juu juu, maana unayasukuma maji kwenye mishono. Kigandamize kitambaa juu ya mshono kwa kiganja, hesabu mpaka tano, sogea mbele. Ukimaliza mishono yote ndipo ufute sehemu za katikati. Kisha kamua kitambaa na urudie mishono mara ya pili. Utaona kitambaa kinatoka na maji zaidi kuliko ulivyotarajia.

Tena fanya hivyo mara tu mvua inapokatika, si unapotaka kuondoka. Dimbwi dogo lililokaa juu ya mshono kwa saa tatu lina nafasi kubwa ya kuzama kuliko lile lililofutwa mapema.

Zamani tulikuwa tunaivalisha siti mfuko wa rambo, mambo yamekwisha. Siku hizi nitumie nini?

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Hata kabla ya marufuku, mfuko ule ulikuwa kinga dhaifu. Unachanika kwenye kona ya siti, upepo ukija unaishia mtaroni, na ni katika mitaro hiyo hiyo maji ya masika yanapokwama.

Mfuko mbadala, ule laini unaofanana na kitambaa, haufai kwa kazi hii. Umetengenezwa kwa nyuzi zilizogandamizwa pamoja, na maji yakitulia juu yake yanapenya. Ukiuweka juu ya siti utakuwa umeweka kitambaa kibichi.

Kiroba cha mchele au unga nacho, kama ni kile cha kusukwa tupu, kinavuja kwenye msuko. Kinachofaa ni kiroba chenye utando wa nailoni uliobandikwa kwa ndani au kwa nje. Ukitaka kujua, kishike juani: kama unaona vitundu vidogo vya mwanga kati ya nyuzi, kiache. Vipo pia vyenye mfuko mwingine wa nailoni ndani, kama baadhi ya viroba vya sukari na mbolea. Ule wa ndani ni mzito na unadumu. Wa mbolea uoshe kwa maji mengi, mara kadhaa, kabla haujagusa chombo chako, kwa sababu chumvi za mbolea zinaharakisha kutu.

Nataka kushona kava la kudumu. Ninunue kitambaa gani?

Kile cha mezani. Nina maana ya kitambaa cha plastiki kinachouzwa kwa mita, chenye maua juu na pamba au nyuzi laini kwa chini. Kinapatikana Darajani, Mwanakwerekwe, na karibu kila duka la vyombo vya nyumbani. Upande wa plastiki unazuia maji, upande wa chini haukwaruzi leza, na chenyewe ni laini kiasi cha kukunjika kikawa kidogo kama kitabu cha skuli. Mita moja au moja na robo inatosha siti ya watu wawili.

Pili yake ni bango la tangazo. Yale mabango makubwa ya plastiki yanayotundikwa kwa matangazo ya maduka na mikutano hutupwa muda wake ukipita. Muombe mwenyewe, mara nyingi atashukuru kumuondolea mzigo. Ni gumu, halipitishi tone, na linavumilia jua kuliko kitambaa cha mezani. Ubaya wake ni kwamba ni zito kukunja, na ule upande uliochapishwa rangi unaweza kuacha alama kwenye leza siku za joto kali. Geuza picha iwe juu.

Turubai la kusukwa ni zuri likiwa jipya. Likishakunjwa kunjwa, utando wake unapasuka kwenye mikunjo na linaanza kuvuja pale pale.

Na koti la mvua lililochanika mikono usilitupe. Mgongo wake peke yake ni kava.

Nalikata na kulishona vipi?

Pima siti yenyewe, usichukue vipimo vya jirani. Tandaza gazeti juu ya siti, libonyeze kingoni kote, lichore kwa kalamu kufuata ukingo wa chini wa leza. Ukilikunjua una ramani ya siti yako. Ongeza sentimita 12 kila upande. Kati ya hizo, kama 8 ni za kuteremka chini ya ukingo na zilizobaki ni za pindo.

Kona zikatwe kwa mviringo. Kona ya pembe mraba hukusanya kitambaa kingi, na pale ndipo upepo unapopata pa kushika. Kisha shona pindo pana la kupitisha lastiki, ukiacha mdomo wa sentimita 3 nyuma. Pitisha lastiki kwa pini kubwa, ivute mpaka kava likae na kubana siti bila kukunja kitambaa juu, funga fundo, ziba mdomo. Fundi cherehani yeyote wa mtaani anaweza kuifanya kazi hii mkisubiriana, na akishapewa ramani ya gazeti hatakuuliza mengi.

Jambo la kumsisitizia: asipitishe mshono wowote juu. Kava liwe kipande kimoja. Mshono uliopo uwe wa pindo tu, huko chini ambako maji hayatulii. Watu wanapenda kuunganisha vipande viwili ili kubana kitambaa, halafu wanashangaa kava jipya linavuja katikati.

Kama lastiki ni taabu kupatikana, kata utepe wa mpira kutoka tyubu kuukuu ya gari, upana wa sentimita 2, ufunge kuzunguka siti juu ya kava. Ni mpira ule ule wanaofungia mizigo kwenye baiskeli. Haupendezi, ila hauachii.

Kava linapeperuka na upepo. Nifanyeje?

Mara nyingi tatizo ni upande wa mbele, pale siti inapokutana na tangi au bawaba. Shonea vitanzi viwili, kushoto na kulia, upitishe kamba chini ya siti na uifunge kwa fundo la kufunguka haraka. Siti ya vespa inafunguka kwenda juu, kwa hiyo unaweza hata kuinyanyua, ukaingiza ukingo wa nyuma wa kava ndani, ukaishusha ikalibana kwa uzito wake. Kwa njia hiyo hata mkono wa mtu unapata kazi kulivuta, na wanaopenda makava ya watu ni wengi. Andika namba ya chombo chako juu yake kwa rangi ya mafuta, kwa herufi kubwa.

Naweza kuendesha kava likiwa juu ya siti?

Hapana. Plastiki iliyolowa inateleza, na abiria wa nyuma ndiye atakayeteleza kwanza, hasa breki zikishikwa ghafla. Ukingo ukilegea unaweza kuingia kwenye gurudumu, au kwenye mnyororo kwa pikipiki. Ukigusa ekzosi yenye moto unayeyuka na kuganda hapo, na karibu na tangi la petroli hicho si kitu cha kufanyia majaribio. Hata unapoegesha, subiri ekzosi ipoe kama kava lako ni refu.

Livue, likung'ute, likunje upande mkavu ukiwa ndani, lirudishe kisandukuni.

Je, nilivalishe kava siti ikiwa tayari imelowa, ili isizidi?

Ikiwa mvua inanyesha na huna jinsi, sawa. Lakini mvua ikikatika livue mara moja. Kava halijui kutofautisha maji ya kuingia na ya kutoka. Siti mbichi iliyofunikwa usiku kucha katika joto letu inaota kuvu, na harufu ya kuvu kwenye sponji haitoki kwa sabuni. Utaratibu mzuri ni kufuta, kuacha upepo upite dakika chache, ndipo kufunika. Mchana wa jua kava lisikae juu bila sababu.

Kuna watu wanapaka silikoni kwenye mishono, wengine mshumaa, wengine mafuta ya nazi. Kipi kinasaidia kweli?

Silikoni angavu ya dukani inasaidia, ikipakwa vizuri. Osha mshono kwa sabuni na mswaki mkuukuu, suuza, acha ukauke siku nzima. Wengi wanaruka hatua hii na silikoni inabanduka ndani ya wiki. Kisha minya mstari mwembamba sana, mwembamba kuliko unavyodhani, uusukume ndani ya mshono kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Ile inayobaki juu ya leza ifute, kwa sababu inayojitokeza ndiyo itakayosuguliwa na nguo na kuanza kunyanyuka. Iache saa 24 bila kukaliwa. Usitarajie idumu miaka. Kagua kabla ya masika na kabla ya vuli, uongeze palipoachia.

Silikoni yenye harufu kali kama ya siki usiipake kwenye chuma cha siti, asidi yake inaleta kutu. Kwenye leza haina neno.

Mshumaa unaziba kwa muda. Usugue juu ya mshono mkavu mpaka nta ijae, upitishe kidole kuipasha moto. Utakuvusha mvua chache. Jua la saa saba mchana likiipiga leza nyeusi, nta inalainika na kuhamia kwenye nguo.

Mafuta ya nazi na yale ya mgando ya kupaka mwilini yaache kabisa. Maji yanateleza juu yake siku ya kwanza, ni kweli, na ndiyo maana watu wanashawishika. Baadaye yanashika vumbi, yanachafua nguo, na ya mgando, yakiwa yametokana na mafuta ghafi, yanaweza kuidhoofisha leza ya plastiki. Mshono unabaki wazi kama zamani.

Siti yangu imeshakunywa maji. Naikausha vipi bila kuinunua mpya?

Itoe kwenye chombo. Kwa vespa nyingi ni skrubu au nati za bawaba tu. Isimamishe wima, upande wenye mshono mrefu ukiwa chini, uiache dakika kadhaa. Ukiona maji yanadondoka, umepata jibu la ukubwa wa tatizo.

Ikiwa maji ni machache, ibonyeze kwa taulo kavu mara nyingi, kisha iache imesimama kivulini penye upepo siku mbili au tatu, ukiigeuza. Kivulini nimesema kwa makusudi. Jua kali la siku nzima linaikakamaza leza na kuipasua kwenye mishono, nawe ulikuwa unataka kuziba njia za maji.

Ikiwa ni mengi, inabidi ufungue. Ilaze kifudifudi, uzing'oe pini za stepla za nusu ya nyuma kwa bisibisi bapa na koleo, unyanyue leza taratibu. Sponji ukiiona, usiikunje kama nguo maana inachanika. Igandamize kwa taulo, sogea, gandamiza tena. Ikishakauka kabisa, ikiwa haina ubichi hata ukiikandamiza kwa nguvu, rudisha leza. Siti za zamani zenye fremu ya chuma na springi zinakupa nafasi nyingine hapa: sugua kutu kwa msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke.

Usiisogeze sponji karibu na jiko la mkaa wala usiipulizie hewa ya moto. Sponji ya siti inashika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Nimejikusanya, nataka kubadilisha leza. Nimwambie nini fundi ili hela isipotee?

Mambo manne, na umwambie kabla hajakata.

Kwanza, mapambo. Mistari mistari na maua ya kushonwa juu ya siti yanapendeza sana, na mafundi wetu wana mkono mzuri. Lakini kila mstari juu ya siti ni safu ya tundu zinazotazama mbinguni. Ukitaka rangi mbili, ziwekwe pembeni. Sehemu ya kukalia iwe kipande kimoja kisicho na mshono.

Pili, mshono mkuu ushuke. Badala ya kukaa kwenye ukingo wa juu, uteremke sentimita chache upande wa chini wa bega la siti, maji yapite juu yake bila kutulia. Ule utepe wa mviringo wa kupambia ukingo unatengeneza bonde la kushikia maji, uukatae.

Tatu, kabla ya kuvalisha leza, mishono izibwe kwa ndani. Mstari wa silikoni au gundi ya leza upande wa ndani hausuguliwi na nguo ya mtu, kwa hiyo unadumu kuliko wa nje. Kisha sponji ifunikwe karatasi nzito ya nailoni, ndipo leza ije juu. Hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote katika orodha hii, na nyongeza ya gharama ni kipande cha nailoni tu. Nailoni ifunike juu na pembeni, isifungwe chini. Kitako kiachwe na tundu zake, ili tone likipenya lipate pa kutokea.

Nne, bonde. Siti iliyokaliwa miaka inazama katikati, na pale maji yanatulia kama kwenye sahani. Fundi akishafungua, aongeze kipande cha sponji ngumu kurudisha mgongo wa siti uwe na mwinuko kidogo. Sponji nyepesi ya godoro la bei rahisi itazama tena baada ya muda mfupi. Ile ya vipande vilivyogandamizwa pamoja ni ngumu zaidi na inavumilia.

Niegeshe wapi? Nakaa Mji Mkongwe, nyumbani hakuna pa kuingizia chombo.

Tazama juu kabla ya kuzima injini. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, paa nyingi za bati zinamwaga maji yake yote kichochoroni, na mstari wa maji hayo unaujua kwa kutazama chini: sakafu imechimbika au ina ukoga wa kijani. Siti ikikaa chini ya mstari huo inapokea mvua ya paa zima. Nusu mita kushoto au kulia inatosha kuiokoa. Kibanze chombo ukutani, chini ya roshani kama ipo, bila kuziba njia ya watu wala mlango.

Wa Michenzani na fleti nyingine wanaegesha uwanjani, na hapo kava ni lazima. Angalau elekeza chombo kufuata upepo. Masika yanapokuja kusi inaanza kushika, mvua nyingi inapiga kutoka kusini. Siti ikiwa upande wa kaskazini wa ukuta inapata mvua pungufu. Barazani penye paa fupi mvua ya upepo inaingia vile vile, usiamini paa peke yake.

Chini ya mwembe si mahali. Mvua ikikatika mti unaendelea kudondosha kwa muda mrefu, na pamoja na maji unakupa utomvu na uchafu wa ndege.

Mimi navaa kanzu Ijumaa, na mke wangu baibui. Kuna njia ya haraka ya kuokoa nguo?

Weka kipande cha kitambaa cha mezani kilichokatwa ukubwa wa mapaja, chenye pamba juu na plastiki chini, kifungwe kwa utepe wa mpira mbele na nyuma ili kisiteleze. Hiki tofauti na kava: ni kidogo, kimebana, na upande wa kukalia ni pamba. Kanzu nyeupe haiharibiwi na maji tu. Leza nyeusi iliyochakaa inatoa rangi ikilowa, na alama ile haitoki kwa kufua mara moja. Ifute siti kwa kitambaa cheupe siku moja uone kinachotoka.

Baibui na pindo zote ndefu zikusanywe zikaliwe, iwe mvua au jua. Na watoto wa skuli wanaopakiwa asubuhi wafutiwe kwanza wao, sare mbichi inakaa mwilini mpaka mchana.

Maji ya siti yanaweza kuzima injini?

Siti yenyewe hapana, ila kwenye vespa za zamani mfuniko wa tangi uko chini ya siti. Ukifika kituo cha mafuta siti ikiwa na maji, ukainyanyua, maji yanateremka kuelekea pale pale petroli inapoingilia. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tangi, na chini ndiko bomba linakovutia. Kabureta ikiyapata, chombo kinakohoa na kuzima. Futa siti kabla ya kuinyanyua, futa na kuzunguka mfuniko, kisha ndipo ufungue.

Kava la chombo kizima si bora zaidi?

Kwa usiku, kwa chombo kisichotumika kila siku, ndiyo. Kwa mtu anayetoka na kurudi mara nyingi kwa siku, atachoka kulivua na kulivalisha, mwisho litabaki nyumbani. Likiwa refu mpaka chini linazuia hewa na chuma kinatoka jasho. Acha nafasi ya kiganja kutoka ardhini.

Yale makava ya wavu yanayouzwa ya kuweka juu ya siti?

Hayazuii mvua. Yanakunyanyua kidogo juu ya leza na yanakauka upesi, kwa hiyo mvua ikikatika unakaa pakavu mapema. Kama mishono yako imeshazibwa, ni nyongeza nzuri. Kama haijazibwa, hela ipeleke kwenye mishono.

Mwavuli mkubwa wa kufunga kwenye pikipiki, kama wa bodaboda?

Unakinga jua na manyunyu kijiweni. Barabarani upepo wa pembeni unausukuma, na chombo nacho. Siti ya nyuma inalowa kama kawaida mvua ikija ya upepo. Abiria kushika mwavuli kwa mkono chombo kikitembea, usikubali.

Nanunua vespa iliyotumika. Nitajuaje kama siti yake imeoza ndani?

Nenda asubuhi, siku isiyo na mvua, ili mtu asikwambie imelowa leo tu. Inyanyue siti uinuse kwa chini, kuvu inajitambulisha. Weka karatasi ya chooni juu ya mshono wa nyuma, ukalie hapo dakika moja, uitazame. Bonyeza kwa kidole gumba katikati na pembeni: sponji nzima inarudi, iliyooza inabaki na shimo au inavunjika kama makapi. Mwisho mulika fremu kwa tochi ya simu. Kutu ya juu juu ni ya kusugua. Chuma kinachobanduka kwa maganda kinahitaji kuchomelewa, basi ingiza gharama ya siti nzima kwenye bei kabla hujatoa pesa mfukoni.